Mke Mwenza wa Tangini

Kwa miaka kumi na miwili Khayriya alimlalamikia kila aliyekuwa tayari kumsikiliza kwamba mumewe ameoa mke wa pili na kumweka sebuleni. Waliozoea nyumba ile ya ghorofa ya tatu, mtaa wa Ruwais pale Jedda, walicheka tu. Wageni wapya walishtuka na kuinamisha macho, wasijue pa kuyaficha, mpaka Talaat mwenyewe awashike mkono na kuwasogeza mbele ya tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi. Ndani yake, juu ya jiwe, chini ya taa ya buluu, lilikaa tumbawe laini la rangi ya samli. Lilikuwa na shina nene na kichwa kipana cha uyoga, na juu ya kichwa hicho maelfu ya vinyweleo vilivyocheza na mkondo wa maji mchana kutwa.

"Huyo ndiye mwenzangu," Khayriya husema kutoka jikoni. "Mimi naamka na uso wa usingizi, hakuna wa kuniuliza hali. Yeye anaamkiwa, anawashiwa taa, anapimiwa chumvi ya maji yake. Na hata kikombe haoshi!"

"Na hasemi sana," Talaat hujibu, na hapo huwa amekwisha kujitafutia maneno ya siku nzima.

Kusema kweli, tumbawe lenyewe lilikuwa la Hanadi, binti yao wa pekee. Alikuwa na miaka kumi na minne siku ile Bakur, rafiki wa baba yake na mgonjwa mwenzake wa matangi, alipowaletea kipande kidogo cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Hanadi ndiye aliyekifunga kwenye jiwe kwa uzi wa cherehani wa mama yake, akikaza na kulegeza, ulimi nje, mpaka kikatulia. Baada ya wiki tatu kikawa kimelishika jiwe chenyewe, na uzi ukatolewa. Binti akakua, na tumbawe likakua. Binti akaolewa akaenda Kanada, tumbawe likabaki, na kila alipopiga simu alimsalimia kwanza mama, kisha baba, kisha akasema, "Nionyesheni na yule."

Talaat alifariki Jumanne asubuhi kwa kinyozi, kitambaa kikiwa bado shingoni. Saa tatu alikuwa anabishana habari za mpira. Baada ya swala ya Alasiri alikuwa chini ya udongo.

Hanadi alikuwa na mimba ya miezi sita. Alilia kwenye simu mpaka wanaume waliokuwa chumba cha pili wakamsikia. "Nisubirini! Nimepata ndege, kesho jioni nipo hapo. Mama, waambie wanisubiri, nimwone uso tu!" Kaka zake Talaat wakasema maiti hasubirishwi, heshima yake ni kusitiriwa mapema. Khayriya hakubishana nao. Ndivyo walivyozikwa wazee wake na wazee wa wazee wake, na siku ile hakuwa na nguvu hata ya kushika gilasi ya maji. Hanadi hakupanda ndege. Usiku uleule mimba ilimsumbua, daktari akamlaza, akamwambia asisafiri mpaka ajifungue.

Wiki mbili zikapita ndipo mama na binti walipoweza kuongea bila ya kilio kumkatiza mmoja wao.

"Uso wa baba sikuuona," Hanadi alisema. "Basi yamekwisha, siwezi kumlaumu mtu. Lakini yule tumbawe, Mama. Mimi na baba tulimlea pamoja. Usiache afe. Nije nimkute angalau yeye."

"Utamkuta, mwanangu," Khayriya akasema. "Nimekuahidi."

Ahadi ni nyepesi kuitoa. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kutia hata kidole ndani ya lile tangi. Sasa alikuwa edani, miezi minne na siku kumi, ndani ya nguo nyeupe zisizo na ua wala nakshi, bila wanja, bila udi, bila kutoka mlangoni, na maisha ya mke mwenza yalikuwa mikononi mwake.

Mwalimu wake alikuwa karatasi. Talaat aliibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati, mwaka waliokwenda Madina na kumwachia jirani funguo. Ilikuwa na mistari tisa, kwa mwandiko wake wa kulalia upande mmoja. Taa iwashwe saa ngapi na izimwe saa ngapi. Maji yaliyopungua yaongezwe kwa maji yaliyochujwa, si ya mfereji. Mkono usiingie una sabuni. Kiyoyozi kisizimwe hata kwa dakika moja. Na mstari wa mwisho ulipigiwa mstari chini: Kitu kikifa kitolewe saa hiyohiyo, kwani kilichooza huua walio hai.

Mlinzi wake alikuwa Fawziya, dada yake mkubwa, aliyehamia na mto wake na dawa zake za presha ili eda ya mdogo wake isiingie dosari. Sitaki kumsema vibaya Fawziya. Alimpenda mdogo wake kweli, alimpikia, alimsugua miguu. Ila alikuwa mmoja wa wale watu wanaoona dini imekabidhiwa wao binafsi, na kila kilicho rahisi wanakitilia shaka. Siku ya kwanza alifunika televisheni kwa shuka. Siku ya pili akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni.

"Na hawa samaki," akasema, "madume?"

"Sijui, dada. Waulize."

"Cheka tu. Uko edani wewe."

Kila baada ya wiki mbili Bakur alileta gunia dogo la chumvi ya tangi na madumu ya maji. Aliyaweka mlangoni, akabisha mara mbili, kisha akashuka ngazi tano ili Fawziya afungue bila ya kumwona.

"Mwenzetu wa tangini yu hali gani, Mama Hanadi?" aliita kutoka chini.

"Ana wenyewe!" Fawziya alijibu kabla mdogo wake hajafungua mdomo. "Weka mzigo uende zako, baba, Mungu akulipe!"

Asubuhi Khayriya alianza kuchukua chai yake ya nanaa na kuinywa mbele ya kioo. Mwanzoni aliangalia kazi tu: kipimo cha chumvi, joto, mstari wa maji. Baadaye akajikuta anamwangalia mwenzake. Taa ilipowaka, kichwa kile kilikuwa kitupu na laini, halafu vinyweleo vikatoka kimoja kimoja, taratibu, mpaka chote kikafunikwa. Pembeni yake palikuwa na matumbawe mengine madogo yenye vimkono vilivyofumba na kufumbua bila kuchoka, lakini hayo hakuyajali. Aliongea na yule mkubwa. Alimwambia habari za Talaat alizoona aibu kumwambia dada yake. Kwamba usiku mkono wake huenda upande wa pili wa kitanda wenyewe. Kwamba amewahi kumwonea wivu kweli, si mzaha tu, zile jioni mumewe alipokaa hapa saa mbili nzima na yeye kule ndani peke yake. "Sasa tumebaki wajane wawili," alimwambia. "Tutafanyaje?" Na alimpenda. Hakuwa na mwingine tena aliyeguswa na mikono ya Talaat kila siku.

Siku ya tisini na nne Hanadi alijifungua kwa kupasuliwa, mtoto wa kiume, wakamwita Talaat. Khayriya alilia na kucheka kwa pamoja, Fawziya akapiga kigelegele nusu, akajiziba mdomo alipokumbuka ilikuwa nyumba ya msiba.

Siku nne baadaye taa iliwaka na vinyweleo havikutoka.

Havikutoka siku ile wala ya pili. Khayriya alipima chumvi mara tatu kwa siku, akapima joto, akasoma karatasi mpaka akaijua kwa moyo. Siku ya tatu ngozi ya kile kichwa ilipoteza rangi na kung'aa ovyo, kama imepakwa nta. Siku ya sita kikainama upande mmoja. Samaki walikuwa wazima, vile vimkono vidogo vilikuwa vinafumba na kufumbua, ila yeye tu, katikati yao, amejikunyata.

"Nampigia Bakur," Khayriya akasema.

"Mwanamume?" Fawziya aliweka chini kisu cha vitunguu. "Umebakiwa na siku zisizofika thelathini, mdogo wangu. Siku thelathini! Unataka uje uharibu yote kwa ajili ya kijimdudu?"

"Simwiti ndani. Namuuliza kwa simu."

"Na sauti yako inayokwenda kwenye simu ni ya nani? Ya jirani?"

"Basi muulize wewe."

"Mimi nitamuuliza nini? Najua hata hilo dude linaitwaje?"

Baadaye shehe wa msikiti wa mtaa aliulizwa, akasema mwenye haja akiuliza kwa adabu hapana ubaya wowote, nani amewaambia vinginevyo? Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile Khayriya aliirudisha simu mezani. Mtu aliyefiwa huogopa kukosea hata yasiyo makosa, na alimwogopea Talaat zaidi ya alivyojiogopea mwenyewe.

Palikuwa na mlango mwingine, wa Hanadi. Hanadi alikuwa na tangi dogo mwaka wake wa kwanza ugenini, alijua mambo haya. Huo nao Fawziya aliufunga, na safari hii Khayriya alikubaliana naye. Mzazi mbichi hapewi habari mbaya, maziwa hukatika. Kila mwanamke wa Jedda anajua hivyo. Kwa hiyo Hanadi alipopiga simu na kusema "Nionyeshe na yule," mama yake aliielekeza simu kwenye vile vimkono vya pembeni.

"Hao si yeye, Mama. Mkubwa yuko wapi?"

"Taa inamulika vibaya huku. Utamwona ukija. Hebu nionyeshe mjukuu wangu tena."

Siku ya tisa uzi wa majani ya kijani ulikuwa umeota juu ya kile kichwa. Khayriya alinawa mikono bila sabuni, akaitia ndani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaligusa. Ute ukamganda kidoleni. Akalitoa jiwe mpaka juu ya maji, na Fawziya akainama, akarudi nyuma upesi.

"Linanuka!"

Lilinuka, ni kweli. Lilinuka bahari, kwa ukali. Khayriya hakujua kwamba matumbawe hayo, ukiyatoa majini, hunuka hivyohivyo yakiwa hai. Angejuaje?

"Dada, ningoje siku mbili."

"Ungoje nini? Mwenyewe kaandika, karatasi si hiyo hapo? Saa hiyohiyo. Unataka lioze, liue na wengine, Hanadi akute tangi tupu? Mfu hawekwi, Khayriya. Mtoe, umsitiri."

Khayriya aliusoma mstari wa tisa mara ya mwisho. Akafungua droo, akachukua kisu cha samaki. Aliingiza makali kati ya shina na jiwe, na shina halikuachia. Halikuwa limelegea hata kidogo. Ilimbidi akandamize kwa viganja viwili, na akasita, akamtazama dada yake, na dada yake akasema, "Haraka, maji yanamwagika sakafuni."

Wakaliviringisha ndani ya kitambaa cheupe kilichofuliwa. Walilizika kibarazani, ndani ya mtungi wa mwasumini, kabla ya adhana ya Adhuhuri. Fawziya alipoingia ndani kupiga deki, Khayriya alikaa pale kwenye kigoda, mikono ina udongo, akalia kilio ambacho hakupata kukilia siku ya mumewe, kwa kuwa siku ile watu walikuwa wengi mno.

Eda ikaisha. Akaoga, akavaa gauni la rangi, akajiona kwenye kioo mtu asiyemfahamu. Siku ya tatu yake Hanadi akafika kutoka uwanja wa ndege, mtoto kifuani, macho mekundu kwa safari. Alimkumbatia mama yake mlangoni, muda mrefu, kisha akamkabidhi mtoto na kwenda moja kwa moja kwenye tangi, hata abaya hajavua.

Tangi lilikuwa safi. Maji yalikuwa maangavu, samaki wote walikuwepo, taa ilikuwa inawaka kwa saa yake. Katikati palikuwa na jiwe tupu.

"Yuko wapi?"

Khayriya alikuwa amejiandalia maneno kwa wiki nne. Yote yalimtoka. "Amekufa, mwanangu. Ulikuwa ndiyo kwanza umejifungua. Nilikuficha. Nisamehe."

Hanadi hakugeuka. "Alikufaje?"

"Alijifunga. Siku tisa hakufunguka. Akaganda juu kama nta, akainama, mpaka majani yakamwota."

"Alioza? Vipande vilidondoka?"

"La."

"Alipotoka kwenye jiwe alitoka mwenyewe?"

"Nilimbandua," Khayriya akasema, na kabla hajamaliza neno mikono yake ilikwisha kukumbuka uzito wa kile kisu. "Nilimbandua kwa nguvu."

Binti aliweka kidole juu ya kioo, mkabala na lile jiwe tupu. Alipozungumza, alizungumza kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko makelele.

"Alikuwa anajivua ngozi, Mama. Wote wa jamii yake hufanya hivyo, mara moja au mbili kwa mwaka. Anajifunga, anafifia, anakaa wiki mbili, pengine tatu, unaona kama maiti. Kisha ile nta inabanduka na maji, anafunguka, mkubwa kuliko kwanza. Alikuwa edani tu."

Fawziya, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la tende na kahawa, aliliweka sinia chini palepale.

"Baba mlimzika sijafika," Hanadi akasema. "Na huyu naye hamkunisubiri."

Khayriya alitamani ardhi impasukie. Alimbana mjukuu kifuani, na mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyemnyamazisha. Hanadi aligeuka sasa. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa anamtazama mama yake kwa mshangao, si kwa hasira.

"Lakini wewe unajua, Mama. Mimi ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Wewe ndiye uliyejua kabla ya wote."

"Mimi? Mimi najua nini?"

Hanadi akatoa simu. Alitafuta muda mrefu, akirudi nyuma miaka minne, mpaka ule mwaka wake wa kwanza ugenini, tumbawe lake dogo lilipojifunga naye akamwandikia baba yake kwa hofu. Akaiweka simu juu ya meza, akabonyeza jibu lake la sauti.

Sauti ya Talaat ikaijaza sebule.

"Hanadi, roho ya baba yako, usiliguse! Sikiliza. Mwaka ule wa kwanza, wewe uko shule, letu lilijifunga siku kumi. Nikasema basi, limekufa hili. Nimekunja mikono ya kanzu, nimeshika kisu, naapa. Mama yako akapita na sinia la chai, hata hakusimama. Akasema, 'Muache mwenzangu, Talaat, amenuna tu. Atanuna mpaka achoke.' Nikacheka mpaka nikakiweka kisu chini. Baada ya siku nne likafunguka. Tangu hapo likijifunga mimi sishughuliki na kitabu, namtazama mama yako. Yeye akisema amenuna, basi amenuna. Ila usimwambie, atavimba kichwa." Akacheka, kile kicheko chake cha puani. Na nyuma ya kicheko, kwa mbali, kutoka jikoni, sauti ya mwanamke ikaita: "Talaat! Unaongea na nani huko? Chai inapoa!"

Ikakatika hapo.

Khayriya aliichukua simu kwa mikono miwili. Hakulikumbuka sinia lile, wala siku ile, wala maneno yale. Alikuwa amesema mizaha mingi katika nyumba hii, akipita, mikono imejaa, bila ya kusimama wala kulitazama tangi, na hakujua kwamba mumewe alikuwa anaiweka akiba yote na kuishi kwayo. Angalikuwepo asubuhi ile ya kisu, angalimtazama. Naye angalisema vilevile. Alikuwa na hakika kwamba angalisema vilevile, kama angalikuwepo mtu wa kumfanyia mzaha.

"Rudisha," akamwambia binti yake, akiwa hajui pa kubonyeza. "Rudisha pale anapocheka."

Hanadi akamchukua mtoto, akakaa karibu naye, akarudisha.